Kumfundisha paka kutumia choo cha nyumbani: mwongozo kamili kwa wanaoishi ghorofani

Paka wa uani hana shida ya choo. Anachimba penye mchanga laini, anafukia, anaenda zake, na kama palikuwa bustanini kwa jirani, kesi hiyo mtaimaliza wenyewe. Shida huanza ghorofani. Ukipanga ghorofa ya nne Upanga au Kariakoo, udongo hakuna. Mchanga wa paka wa dukani bei yake inauma, ule wa ujenzi unasambaa mpaka kitandani, na kushuka ngazi kila siku na kifuko cha uchafu mkononi kunachosha. Ndipo mtu anapokiangalia choo chake na kujiuliza: kwa nini na huyu asiende humu humu?

Inawezekana. Charles Mingus, mpiga besi wa jazi wa Marekani aliyefariki mwaka 1979, alimfundisha paka wake aliyeitwa Nightlife, akaandika maelekezo na kuyauza kwa posta. Alitumia boksi lenye vipande vya magazeti, akalisogeza kidogo kidogo mpaka chooni, akalipandisha juu ya sinki la choo, kisha akawa analipunguza na kulitoboa tundu. Vifaa vya plastiki vinavyouzwa siku hizi, vile vyenye pete za kutoa moja baada ya nyingine, vinafuata wazo lile lile.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa nyumba nyingi za kwetu, pa kulenga ni choo cha kuchuchumaa, au basi beseni linaloishi chooni moja kwa moja. Kumpandisha paka kwenye kikalio cha choo cha kukaa ni safari ndefu inayowafaa paka wachache na watu wenye subira. Njia zote nitazieleza, uchague pa kusimama.

Unachomwomba paka aache

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, Felis lybica, ambaye mpaka leo anawinda panya Serengeti na kwenye nyika nyingine nyingi za bara hili. Ni mnyama wa nchi kavu. Kwa hiyo paka wako akiingia kwenye mchanga anafanya mambo manne kwa mpangilio: ananusa, anachimba, anachuchumaa, anafukia. Choo kinamwachia kuchuchumaa tu, tena juu ya maji, kwenye kitu kinachoteleza. Ndiyo maana wataalamu wengi wa tabia za wanyama hawaupendi mpango huu. Hawasemi hauwezekani, wanasema paka anakubali kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Maneno hayo yaweke akilini wakati wote wa mafunzo, maana yatakusaidia kujua lini umsukume kidogo na lini umwache.

Jambo la pili ni afya. Mchanga unasema: madonge ya mkojo yamekuwa makubwa kuliko kawaida, kuna wekundu, kinyesi kimelegea, leo hakwenda kabisa. Choo kinameza habari hizo zote. Ukimfundisha paka kutumia choo, umejipa kazi ya kutazama kabla ya kuvuta maji, na nitalirudia hilo mbele kwa sababu kwa paka dume ni suala la uhai.

La tatu ni kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii. Paka akikipata kwa mara ya kwanza, mara nyingi kwa kula panya au nyama mbichi, hutoa vijiyai vyake kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu hivi. Vijiyai hivyo haviambukizi papo hapo. Vinahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kinyesi kikiondolewa kila siku, hatari ndani ya nyumba inashuka sana, na mama mjamzito akae mbali na kazi hiyo kabisa. Hapo choo kinaonekana mkombozi. Lakini kuvuta maji ni kuhamisha tu: klorini haiviui vijiyai hivyo, na kwenye udongo wenye unyevu vinaweza kudumu zaidi ya mwaka. Katika pwani ya California watafiti walikuta kimelea hiki kwa fisi maji wa baharini waliokufa, na mwaka 2006 jimbo hilo likapitisha sheria inayotaka pakiti za mchanga wa paka ziwe na onyo la kutomwaga kinyesi cha paka chooni.

Sasa jiulize maji yako yanakwenda wapi. Kama ni karo linalovuja hatua chache kutoka kisima cha watu, paka anayewinda panya usimfundishe choo. Kinyesi chake kifungwe kwenye mfuko na kiende na taka. Paka wa ndani tu, anayekula chakula kilichopikwa au cha dukani, uwezekano wake wa kuwa na kimelea hiki ni mdogo, na huyo ndiye ninayemwandikia mwongozo huu.

Nani anafaa, nani aachwe

Anafaa paka mwenye miezi sita kwenda juu, mwenye afya, anayeruka bila shida, ambaye tayari anatumia beseni la mchanga bila kukosea. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Paka anayekojoa kwenye kapeti leo hatabadilishwa na choo. Kwanza aonwe na daktari wa mifugo, kisha arudi kwenye beseni mpaka atulie.

Waache kitoto, paka mjamzito au anayenyonyesha, mzee mwenye maungo yanayouma, na paka mwoga anayejificha chini ya kitanda kila mlango ukigongwa. Dume ambaye hajahasiwa naye asubiri. Yule anaponyunyizia ukuta mkojo hajisaidii, anaweka mipaka yake, na hakuna mafunzo ya choo yatakayomzuia. Ahasiwe kwanza.

Paka anayetoka nje kila siku usijisumbue naye. Akiwa na udongo wa kuchagua, atachagua udongo.

Na nyumba nayo ifanyiwe tathmini. Choo cha shimo, hapana, kwa hali yoyote. Mnyama mdogo anatumbukia na kumtoa ni balaa. Choo cha kuchangia na wapangaji wengine, hapana pia, kwa heshima ya majirani. Choo kimoja kwa watu wanane kitakuletea ugomvi kabla ya wiki ya pili. Kama una vyoo viwili, mpe paka kile kisicho na foleni asubuhi.

Vitu vya kuandaa

Beseni moja la plastiki pana na la kina kifupi kwa kuanzia. Kama unalenga choo cha kukaa, utahitaji la pili jepesi, lenye mdomo mwembamba, ambalo likiwekwa juu ya sinki mdomo wake unanasa kwenye kingo na kikalio kinashuka juu yake bila kuinuka sana. Nenda sokoni na kipande cha kamba ulichopimia upana wa sinki lako, vinginevyo utarudi na beseni linalotumbukia. Trei za foili, zile wanazopakia kuku wa kuoka, zinakatika vizuri kwa mkasi lakini zinapinda. Paka wa kawaida ana kilo tatu hadi tano, na akihisi sakafu inazama chini yake mara moja tu, atakumbuka. Ukizitumia, ziweke mbili mbili.

Kwa mchanga, waliozoea wa dukani waendelee nao mwanzoni. Wengine wamwone fundi seremala: maranda laini na vumbi la mbao hupatikana kwa bei ndogo au bure. Hakikisha hayatoki kwenye mbao zilizopakwa dawa ya mchwa.

Ongeza selotepu pana, tishu za chooni za kutosha, stuli fupi isiyoteleza, kipande cha zulia la mpira, na dagaa. Dagaa wakavu waliooshwa chumvi, wasio na pilipili, ndiyo mshahara. Mpe mmoja au wawili pale pale anapomaliza, siyo dakika tano baadaye ukiwa umemaliza kujibu meseji. Na dagaa hao asiwapate wakati mwingine wowote, la sivyo mshahara umepoteza thamani.

Mlango. Watu husahau mlango. Choo cha paka hakifungwi, mchana wala usiku, wakati huko kwetu mlango wa choo kuachwa wazi ni utovu wa adabu. Mkae kama familia mkubaliane kabla hamjaanza, na mweke kizuizi cha mlango ili upepo usiufunge.

Kuhamisha beseni

Beseni lenye mchanga lianzie pale pale lilipozoeleka. Lisogeze kuelekea chooni kwa kiasi cha hatua moja ya mtu kila siku mbili. Ukiona paka amekwenda kujisaidia mahali pa zamani, umekimbia. Rudisha beseni nusu ya njia, subiri siku kadhaa, endelea. Usilibebe beseni kutoka sebuleni hadi chooni kwa mkupuo mmoja ukitegemea harufu itamwongoza. Wapo paka wanaolifuata, na wapo wanaoendelea kwenda kwenye kona ile ile ya sebule ingawa beseni halipo.

Likifika chooni, liache hapo chini, karibu na sinki, wiki nzima. Anahitaji kuzoea sauti za mahali hapo: maji yanavyojaa kwenye tangi, ndoo inavyogonga, mtu anavyooga. Usivute maji akiwa kwenye beseni. Paka wengi hushtuka na ngurumo ile, na mshtuko wa mara moja unaweza kukugharimu mwezi.

Vyoo vyetu vingi vimeunganishwa na bafu, na sakafu inalowa kila saa. Paka hapendi kukanyaga maji. Mtu akioga, sakafu ikaushwe, na zulia la mpira liwe njia kavu kutoka mlangoni hadi kwenye beseni. Wengi huanza kulaumu paka kwa ukaidi kumbe tatizo ni dimbwi la maji mlangoni.

Kipindi hiki ndicho cha kubadilisha mchanga pia. Changanya maranda kidogo kidogo na mchanga wake mpaka yatawale, kisha changanya maranda na vipande vya tishu. Sababu utaiona mbele: beseni litakapotobolewa, kila kilichomo kitaangukia kwenye sinki. Mchanga wa kawaida hutuama kwenye kona ya bomba na kuziba, na ule wa dukani unaoganda ukipata maji hugeuka saruji. Tishu inalainika na kwenda zake.

Njia ya choo cha kuchuchumaa

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wenye choo cha aina hiyo, na inashangaza kwamba maelekezo mengi hayaitaji kabisa, kwa kuwa yaliandikwa na watu ambao nyumbani kwao hakipo. Paka hahitaji kupanda wala kusimama kwenye kingo nyembamba. Anachuchumaa sakafuni, kama anavyofanya siku zote.

Beseni likishazoeleka kando ya choo, lisogeze lifunike sehemu ya mbele ya sinki, kisha siku chache baadaye likae katikati kabisa, juu ya tundu. Litie kipande cha ubao au matofali mawili bapa pembeni ili lisiyumbe. Akilitumia hapo kwa wiki moja bila kukosea, punguza kina cha mchanga mpaka ubaki ule wa kufunika sakafu ya beseni tu. Kisha badilisha beseni na sinia bapa au trei ya foili yenye maranda na tishu kiganja kimoja.

Toboa tundu katikati, la ukubwa wa sarafu. Baada ya siku kama tano, ukubwa wa yai. Kisha mdomo wa kikombe. Kisha sahani ndogo. Kila mara tundu liwe juu ya tundu la choo, na kila mara mchanga upungue. Mwishowe trei inabaki pete nyembamba, na siku moja unaiondoa, unaweka vipande viwili vya tishu kwenye sinki kavu, unasubiri.

Paka wengi watachuchumaa kwenye makanyagio au kwenye uwazi wa sinki lenyewe. Asipolenga tundu usimdai. Akijisaidia ndani ya sinki, kazi imekwisha. Lita kadhaa za maji kutoka kwenye ndoo zitamalizia. Makanyagio yawe makavu na yasiwe na sabuni.

Wapo paka wanaokuruhusu kuruka nusu ya hatua hizi, kwa sababu walishajichagulia tundu la maji ya bafu kama choo chao cha mkojo. Kama wako ni wa aina hiyo, usimfukuze. Weka trei yake hapo hapo karibu, na umhamishe polepole kuelekea kwenye sinki.

Njia ya choo cha kukaa

Kabla ya yote, kaza nati za kikalio. Kikalio kinachocheza upande kwa mtu ni kero. Kwa paka ni mwisho wa mafunzo.

Beseni lililo sakafuni lipandishe taratibu. Mingus alitumia boksi. Wewe tumia chochote kigumu kisichoteleza: matofali, mbao, mabunda ya magazeti yaliyofungwa kwa selotepu. Kila siku mbili ongeza kimo cha vidole vitatu au vinne, hadi beseni liwe sawa na sinki. Weka stuli pembeni hata kama paka wako anaruka vizuri, maana kutua juu ya kitu chembamba ni tofauti na kuruka juu ya kabati.

Beseni likishakuwa kimo kimoja na choo, sogeza lote juu ya sinki. Hapa linaingia lile beseni la pili. Linase kwenye kingo za sinki, shusha kikalio juu yake, libane kwa selotepu kwa chini ili lisiteleze. Tia maranda na tishu. Mfuniko ubaki umesimama muda wote, na kama una tabia ya kuanguka wenyewe, ufungue kabisa uuweke stoo.

Binadamu akitaka kutumia choo analitoa beseni, anamaliza, analirudisha. Pigilia msumari ukutani pa kulining'iniza. Hatua hii ndiyo inayovunja nyumba nyingi: beseni linasahaulika sakafuni, paka anakuja usiku, anakuta tundu la maji, anakwenda kujisaidia kwenye kapu la nguo chafu. Kosa hapo si lake. Wanaume wa nyumba wanaoinua kikalio nao wakumbushwe kukishusha.

Angalia miguu ya paka. Mwanzoni ataweka yote minne ndani ya beseni. Baada ya muda, ile ya mbele itapanda kwenye kikalio. Msifu hapo, mpe dagaa. Unachosubiri ni miguu ya nyuma nayo ianze kukanyaga kikalio, kwa sababu tundu likishakuwa kubwa hatakuwa na pengine pa kukanyaga. Wengine unaweza kuwasaidia kwa kumwinua mguu mmoja taratibu na kuuweka juu akiwa bado ananusanusa, ila akishachuchumaa usimguse.

Sasa tundu. Utalikata kwa kisu kilichopashwa moto, sehemu ya katikati kuelekea mbele kidogo, na kingo uzisugue kwa msasa zisimkwaruze. Anza na ukubwa wa sarafu, ongeza kila baada ya siku tano hadi saba, na usiongeze kamwe siku ambayo amekosea au siku ambayo nyumba ina wageni. Tishu zipungue sambamba na tundu. Wakati tundu limefikia ukubwa wa kikombe cha chai, maji yatakuwa yanamrukia. Hapo ndipo wengi hugoma. Unaweza kutandika tishu juu ya maji zipokee kinachoanguka, na kelele na matone vinapungua.

Akigoma, rudi hatua moja. Akigoma tena, kaa hapo mwezi mzima. Ukihesabu tangu beseni lilipoondoka sebuleni, tarajia miezi mitatu au zaidi, na paka mwenye haraka asikudanganye: mara nyingi anayevuka hatua tatu kwa wiki moja ndiye anayevunjika kwenye ya nne.

Kumfundisha avute maji mwenyewe, usijaribu. Atajifunza, na ataona ni mchezo, na siku ya mgao wa maji atakumalizia tangi.

Anapokosea

Kumshika paka na kumsugua pua kwenye uchafu wake ni desturi ya zamani isiyofaa kitu. Hafahamu uhusiano wa kosa la saa moja iliyopita na hasira yako ya sasa. Anachojifunza ni kukuogopa, na kujificha anapojisaidia, nyuma ya kochi kwa mfano. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi kidogo kwa mikono yako umkatize, mpeleke chooni, basi.

Harufu ndiyo inayomrudisha mahali pa kosa, kwa hiyo iondoe kikamilifu. Nyonya mkojo kwa kitambaa kikavu, osha kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya iliyoyeyushwa kwenye maji vuguvugu, suuza, kausha juani kama ni kitu cha kubebeka. Siki iliyochanganywa na maji husaidia sakafuni. Usitumie kitu chenye amonia. Mkojo wenyewe una harufu ya amonia na utakuwa unamwekea alama.

Jiki usiimwage juu ya mkojo wala usiichanganye na dawa ya kusafishia sinki ya tindikali. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu, yako na ya paka. Na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiguswa na maji, ziweke mbali kabisa: nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, na ini la paka halina uwezo wa kuzivunja kama letu. Akikanyaga sakafu iliyopigwa dawa hiyo kisha akajiramba nyayo, ameimeza. Vidonge vya rangi vinavyotundikwa ndani ya sinki navyo vitoke, kwa kuwa paka wengi hunywa maji ya choo. Maji ya moto, sabuni na brashi vinatosha.

Kwa nyumba za Waislamu kuna la ziada. Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Abu Qatada inajulikana: paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani, na maji aliyonywa hayaharibiki kwa udhu. Wapo wanaoichukulia hadithi hiyo kana kwamba inahusu kila kitu cha paka. Mkojo na kinyesi chake ni najisi. Kama bafu anamojisaidia ndimo mnamotawadhia, sinki na sakafu vimwagiwe maji mara tu anapomaliza, na msala wa kuswalia usitundikwe mahali anapopita akitoka chooni na nyayo mbichi.

Kutazama kabla ya kuvuta

Paka mwenye afya hukojoa mara mbili hadi nne kwa siku na kutoa haja kubwa mara moja hivi. Anayetumia choo usiku wakati umelala hatakuambia kitu, kwa hiyo asubuhi tazama maji kabla hujavuta: rangi, damu, minyoo, kinyesi cha maji maji.

Dume anayekwenda chooni mara kwa mara, anachuchumaa, anajikamua, halafu hakitoki kitu au yanatoka matone, analia, anajiramba sehemu za siri: huyo njia yake ya mkojo imeziba. Usingoje kesho. Ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Sipunguzi neno hapa kwa sababu paka wa kwenye mchanga angeacha beseni kavu na ungegundua, lakini sinki lina maji siku zote na halikuonyeshi tofauti. Kama una dume na hupo nyumbani kutwa nzima, mimi ningemwachia beseni.

Pa kusimama

Beseni linalokaa chooni, lenye maranda ya seremala, likisafishwa kila siku, linakupa karibu kila ulichokitaka: sebule haina harufu, mchanga hautapakai, na paka anachimba na kufukia kama alivyozaliwa. Watu wengi ninaowajua walioanza kwa ndoto ya kikalio wameishia hapo na wametulia. Wenye choo cha kuchuchumaa wanaweza kwenda mpaka mwisho bila kumtesa mnyama.

Ukiwa na paka wawili, mmoja akimaliza mwingine anaweza kukataa sinki ambalo halijavutwa maji, kwa hiyo kuwe na beseni la akiba hata baada ya kufaulu. Vivyo hivyo paka akiugua, akifanyiwa upasuaji, au akizeeka na kuanza kuruka kwa shida: mrudishie mchanga wake siku hiyo hiyo. Hautahitaji kumfundisha upya.

Na ukisafiri ukamwachia jirani ufunguo, mwandikie kwenye karatasi mlangoni: mlango wa choo usifungwe, mfuniko uwe juu, kikalio kiwe chini, avute maji asubuhi na jioni baada ya kutazama, na namba ya daktari wa mifugo iwe hapo hapo. Beseni lenye mchanga liache kando ya choo. Paka asiyekuona siku mbili anaweza kuamua kwamba mkataba umevunjika.